Hesabu za Ubwabwa: Kweli na Uongo kuhusu Sehemu

Kama umewahi kukaa dawati la darasa la nne, au una mtoto anayelikalia sasa, haya umeyasikia. Kwamba sehemu ni hesabu za wachache waliojaliwa. Kwamba mafumbo ya pilau na chapati ni ya kupotezea muda wiki ya kufunga shule. Kwamba neno "jumla" likionekana kwenye swali, kazi imekwisha: jumlisha. Yanasemwa ofisini kwa walimu, yanasemwa barazani, na mengine yamerithiwa bila mtu kuuliza ushahidi uko wapi.

Tuulize leo, na tuulizie Dakawa. Mji huu mdogo wa Mvomero, kando ya mto Wami kwenye barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, una skimu ya umwagiliaji yenye hekta kama 2,000 za mpunga. Mahali penye mchele kiasi hicho sikukuu haipiti bila ubwabwa, na ubwabwa haupiti bila kugawiwa. Ukitaka kujua kama hesabu za sikukuu zinafundisha kitu, hapa ni pazuri pa kuanzia.

"Mtoto hajui sehemu mpaka afundishwe"

Uongo. Mtume mtoto wa miaka saba dukani akuletee nusu ya sukari na robo ya mchele. Atarudi na vitu vyote viwili, na chenji, ukiwa na bahati. Muulize saa, atakwambia ni saa mbili kasorobo. Anayejua kasorobo ameshatoa robo kwenye kizima, ila hajawahi kuona hesabu hiyo ikiandikwa kwa kiasi juu na asili chini.

Kuna ushahidi maarufu wa jambo hili kutoka Recife, Brazil. Mwaka 1985 Terezinha Nunes Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti wa watoto wauza bidhaa sokoni. Watafiti walijifanya wateja, wakanunua, wakasikiliza. Baadaye wakawapa watoto walewale hesabu zilezile kwenye karatasi. Sokoni walipata karibu asilimia 98. Hesabu zilipoandikwa kama mafumbo walipata kama asilimia 74. Zilipoandikwa namba tupu, asilimia 37. Kijana mmoja wa miaka 12 aliulizwa bei ya nazi nne, kila moja 35, akajibu 140 kwa hesabu ya kichwani. Alipopewa 35 mara 4 kwa kalamu, aliandika 200.

Watoto hao walikuwa watano tu, kwa hiyo tusiubebeshe utafiti huo mzigo usio wake. Lakini angalia mpangilio wa zile alama tatu: fumbo liko katikati ya soko na ubao. Kazi ya fumbo ndiyo hiyo, kumvusha mtoto kutoka anakojua kwenda asikojua.

"Namba kubwa chini, sehemu kubwa"

Uongo, na huu watoto hujitungia wenyewe. Nane ni kubwa kuliko nne, kwa hiyo moja ya nane lazima iipite robo. Ukimkuta mtoto anayeamini hivyo usimkaripie. Amechukua kanuni iliyomfaa miaka yote ya kuhesabu embe akaipeleka mahali isipofanya kazi. Muulize tu: chapati ni moja, sikukuu imefika, unataka mgawane watu wanne au wanane? Hajawahi kuzaliwa mtoto aliyechagua wanane.

Wala si ugonjwa wa watoto wa kijijini. Katika tathmini ya kitaifa ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, vijana wa miaka 13 waliulizwa wakadirie jibu la 12/13 jumlisha 7/8. Wachague: 1, 2, 19 au 21. Sehemu zote mbili zinakaribia kizima kimoja, hivyo jibu ni 2. Waliopata walikuwa asilimia 24. Zaidi ya nusu walichagua 19 au 21, yaani walijumlisha namba za juu, au za chini, wakaridhika.

Kosa hilohilo liko kwetu. Nusu jumlisha theluthi, mtoto anaandika 2/5. Mpe sinia. Umekula nusu ya sinia la ubwabwa, shangazi akakusukumia theluthi nyingine, halafu unaniambia umekula mbili ya tano? Mbili ya tano haifiki hata nusu. Umeongezewa chakula ukawa umekula kidogo kuliko mwanzo! Darasa likicheka hapo, limeelewa kwa nini kigawe kidogo cha shirika (KDS) kinatafutwa, na mwalimu anaweza kurudi ubaoni akafundisha asili ya 6 kwa amani: tatu ya sita na mbili ya sita, tano ya sita, karibu umalize sinia.

"Nusu ni nusu tu"

Uongo, mpaka useme nusu ya nini. Mkulima yeyote wa Dakawa anaijua rumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba juu. Sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo hawajachoka kulikumbusha hilo. Sasa nusu ya gunia halali ni kilo 50. Nusu ya rumbesa la kilo 130 ni kilo 65. Zote nusu, na kati yake kuna kilo 15 za mchele ambazo mtu kazikosa au kazipata bure. Fumbo zuri la sehemu humlazimisha mtoto aulize kwanza kizima ni kipi. Baya humpa 1/2 na 1/2 na kumwacha aamini ni ndugu mapacha.

"Wazee hawakusoma, lakini kugawa walijua kuliko sisi"

Kweli. Hapa heshima iwaendee.

Chukua zaka ya fitri inayotolewa kabla ya swala ya Idi. Kila kichwa nyumbani, mkubwa kwa mdogo, hutolewa pishi moja ya chakula, ambayo siku hizi hukadiriwa kati ya kilo mbili na nusu na tatu. Pishi ni vibaba vinne. Vibaba viwili ni kisaga. Hivyo kisaga ni nusu ya pishi na kibaba ni robo, na bibi asiyejua kusoma alikuwa akibadilisha sehemu moja kwenda nyingine kwa mkono, mchele ukimwagika mkekani, wala hakuita hesabu. Mpe mtoto wa darasa la nne fumbo hili: nyumba ina watu watano, ndani kuna pishi tatu na kisaga kimoja, wanapungukiwa vibaba vingapi ili watimize fitri? Atagundua kwamba tatu na nusu ikitolewa kwenye tano hubaki moja na nusu, na moja na nusu ni vibaba sita. Ameshafanya namba mchanganyiko, amebadilisha vipimo, na kama kibaba cha bibi bado kipo nyumbani anaweza kwenda kuhakikisha.

Wenye elimu ya mirathi nao wamekuwa wakitumia nusu, robo, thumni, theluthi, theluthi mbili na sudusi kwa karne nyingi, kwenye migao ambayo mtu akiikosea anapelekwa kwa kadhi. Kwa hiyo anayesema sehemu ni kitu kilicholetwa na shule, amepotea.

Lakini tusiwatukuze wazee kupita kiasi. Kipimo cha kibaba kilitofautiana kati ya duka na duka, na aliyeumia kwa kawaida ni mnunuzi.

"Weka Idi au Krismasi kwenye swali, watoto wataelewa"

Nusu kweli, na hii ndiyo nusu ya kuangaliwa kwa makini.

Siku hizi mwalimu mwenye simu anaweza kuchapa karatasi za maswali ya sikukuu kutoka mtandaoni kwa dakika chache. Zinakuja na theluji, sleji, bata mzinga na mti uliopambwa taa 24, theluthi moja nyekundu. Mtoto wa Dakawa ambaye Desemba yake ni jua kali na mvua za vuli akizibahatisha anasoma hadithi mbili kwa pamoja: ile ya hesabu na ile ya nchi asiyoijua. Wengine hufikiri dawa ni kubadilisha majina tu. Theluji inakuwa mvua, John anakuwa Juma, taa zinakuwa maputo. Haitoshi. Sikukuu hapo ni pambo. Ukiliondoa, hesabu inabaki vilevile, na ukiliacha halimsaidii mtoto kuamua chochote.

Sasa angalia sikukuu ambayo yenyewe ni hesabu. Katika Idi ya Kuchinja, mbuzi mmoja ni wa mtu mmoja, lakini ng'ombe wanaweza kushirikiana watu hadi saba. Na sunna iliyozoeleka ni nyama igawanywe mafungu matatu: la nyumbani, la jamaa na majirani, la maskini. Moja ya saba, kisha theluthi. Hakuna mtunga maswali aliyekaa mezani akabuni. Watu wanafanya hivyo na kisu mkononi.

Weka namba. Ng'ombe ametoa kilo 105 za nyama. Kila mshirika anapata kilo 15. Theluthi yake ni kilo 5, ndizo atakazowapa maskini. Hizo kilo 5 ni sehemu gani ya ng'ombe mzima? Mtoto atazidisha 1/3 kwa 1/7 apate 1/21, na kwa mara ya kwanza ataona kwa nini kuzidisha sehemu kunatoa kitu kidogo zaidi, jambo linalowachanganya hata wakubwa, maana tumezoea kuzidisha ni kuongeza. Usiishie hapo. Uliza: washirika wote saba wakitoa, maskini wamepata sehemu gani ya ng'ombe? Moja ya ishirini na moja mara saba ni saba ya ishirini na moja. Rahisisha. Theluthi! Ukigawa kwanza kwa saba au ukigawa kwanza kwa tatu, fungu la maskini ni lilelile. Kuna mtoto atabisha. Mwache abishe, mpe mawe 21 au punje 21 za mahindi, agawe mwenyewe kwa njia zote mbili.

Kipimo changu cha fumbo la sikukuu ni hiki: likifutwa jina la sikukuu, je, mgao unapoteza sababu? Kama unapoteza, fumbo ni la kweli. Kama haupotezi, mwalimu amepamba mti tu.

"Tafuta neno la kukuongoza: 'jumla' jumlisha, 'ya' zidisha, 'kila' gawanya"

Uongo, na kati ya yote haya huu ndio wenye madhara makubwa, kwa sababu hufanya kazi mara nyingi kiasi cha kuaminika.

Jaribu. "Mama Asha alinunua mchele wa Krismasi. Alipika kilo 4, ambazo ni theluthi mbili ya mchele alionunua. Alinunua kilo ngapi?" Mtoto aliyefundishwa kwamba "ya" ni zidisha atachukua 4 mara 2/3, apate kilo mbili na theluthi mbili. Yaani Mama Asha alinunua chini ya kilo tatu akapika nne. Hata Dakawa na skimu yake haijafikia huko. Jibu ni kilo 6, na mtoto hulipata kwa kuchora tu: visanduku vitatu, viwili vimejaa kilo 4, kwa hiyo kimoja ni kilo 2, vyote ni 6. Hakuhitaji neno la kumwongoza, alihitaji kuuona mchele.

Tabia ya kunyakua namba bila kuziangalia ilipimwa Ufaransa, Grenoble, karibu mwaka 1980. Watoto wa shule ya msingi waliambiwa: melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Kati ya watoto 97, watoto 76 walimpa nahodha umri kwa kutumia namba walizopewa. Nahodha wa miaka 36, mwenye afya njema. Watoto hao hawakuwa wajinga. Walijua desturi ya shule: swali lina jibu, na namba zilizopo lazima zitumike. Dawa ni kuwachanganyia mara mojamoja fumbo lisilo na jibu. Shangazi kaleta chapati 12, robo zina nazi, je, shangazi alifika saa ngapi? Atakayesema "haijulikani" apigiwe makofi kuliko wote.

"Aliyeshindwa fumbo hajui hesabu"

Mara nyingi si kweli. Darasani Dakawa utakuta mtoto anayezungumza Kikaguru, Kizigua au Kimaasai nyumbani, na Kiswahili cha vitabuni kwake bado ni lugha ya pili. Kabla hujaandika kosa kwa wino mwekundu, msomee fumbo kwa sauti, mwambie akueleze kwa maneno yake nini kimetokea. Akipata, tatizo lilikuwa kusoma. Asipopata, sasa ndiyo umejua pa kuanzia.

"Chapati moja inatosha kufundisha sehemu zote"

Kweli kwa nusu ya safari. Chapati inaonyesha nusu, robo na moja ya nane vizuri kuliko mchoro wowote, na haigharimu bajeti ya shule. Lakini mpe mtoto 7/4, chapati inamshinda: utaniambiaje vipande saba vya kitu kilichokatwa vinne? Ndipo watoto wengi hukariri kwamba sehemu ni kipande tu, kamwe si namba yenye mahali pake kati ya namba nyingine. Mwaka 2010 jopo la wataalamu lililoandika mwongozo kwa Wizara ya Elimu ya Marekani, likiongozwa na Robert Siegler, lilishauri mambo mawili ambayo mwalimu wa Dakawa anaweza kuyafanya bila senti: anza na kugawana kwa haki, ambako mtoto anakujua, kisha hamia mapema kwenye mstari wa namba.

Mstari wa namba upo, umepita mbele ya nyumba. Watu wanaokwenda kula Krismasi Dodoma wakitokea Dar es Salaam wanasafiri kama kilomita 450. Morogoro mjini iko kama kilomita 190 kutoka Dar. Je, Morogoro ni nusu ya njia? Watoto wengi watasema ndiyo, maana ndipo mabasi yanapopumzika na watu wanaposhuka. Gawanya 450 kwa mbili: 225. Morogoro haijafika nusu. Endelea na barabara, na nusu ya njia inakuja kabla kidogo ya Dakawa. Mtoto aliyekuwa akidhani kwao ni pembeni ya kila kitu anagundua kwao ni katikati. Chora mstari chini kwa kijiti, sifuri Dar, moja Dodoma, weka jiwe penye nusu, jiwe penye robo tatu, halafu uliza 7/4 iko wapi. Imepita Dodoma mbali, inaelekea magharibi. Hakuna chapati itakayokufikisha huko.

"Simu ipo, sehemu za nini tena?"

Uongo. Mwaka 2012 Siegler na wenzake walichambua takwimu za Uingereza na Marekani, wakafuatilia watoto kutoka umri wa miaka kumi hivi hadi sekondari. Ujuzi wa sehemu na wa kugawanya utotoni ulibashiri matokeo ya aljebra na hisabati miaka mitano sita baadaye, hata baada ya kuweka kando kipato na elimu ya wazazi na uwezo wa mtoto kiakili. Kubashiri si kusababisha, wenyewe wanalijua hilo. Ila kama ningelazimika kuchagua mada moja ya darasa la nne isiyofaa kurukwa mvua ikinyesha, ni hii.

"Fumbo la Idi linamtenga Mkristo, la Krismasi linamtenga Muislamu"

Uongo kwa sehemu kubwa. Huku sahani ya pilau ya Idi huvuka ua kabla haijapoa, na Krismasi hurudishwa ikiwa na ubwabwa na nyama. Mtoto anaijua sikukuu ya jirani kwa tumbo lake. Anachohitaji mwalimu ni kubadilishana zamu.

Anayetengwa ni mwingine, na hatajwi. Fumbo la "mama alinunua viatu vipya vya Krismasi kwa theluthi ya mshahara" humwumiza mtoto ambaye kwao hakuna mshahara wala viatu. Mafumbo ya kugawana chakula cha wengi hayana mwiba huo, kwa sababu kila mtu ana mahali kwenye sinia.

Na kalenda ya Tanzania haina sikukuu za dini mbili tu. Nane Nane, tarehe 8 Agosti, wakulima wa kanda ya mashariki hukutana kwenye viwanja vya maonyesho mjini Morogoro, na pale vipando, mbegu na ekari vyote huzungumzwa kwa sehemu. Tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika, iliyowekwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) mwaka 1991 kukumbuka wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliouawa wakiandamana mwaka 1976. Dakawa ina haki ya pekee juu ya siku hiyo: mwaka 1982 ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, walianza kujenga kituo chao hapa, baada ya shule yao ya Mazimbu, na kati ya waliokuja walikuwemo vijana waliokimbia nchi yao baada ya mauaji hayo. Kituo kilikabidhiwa Tanzania mwaka 1992. ANC waliishi Dakawa kwa sehemu gani ya miaka tangu 1982 hadi leo? Mtoto wa darasa la tano atapata kiasi cha 10, na asili itabadilika kila mwaka swali likiulizwa.

Idi nazo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kawaida, kwa hiyo kuna miaka zinaangukia ndani ya muhula, na fumbo la ng'ombe wa saba linaweza kufundishwa wiki ileile watu wanachanga fedha. Krismasi hukuta shule zimefungwa. Hiyo si hasara. Kabla ya likizo mwambie kila mtoto aangalie kitu kimoja kitakachogawanywa kwao siku hiyo, kuku, soda au mkate wa ajemi, atunge fumbo lake mwenyewe na jibu aliandike nyuma ya karatasi. Januari wabadilishane. Mwalimu asiangalie nyuma kabla hajakokotoa.